Utepe, Nyasi na Nambari: Jinsi Alama za Kumtetea Mtoto Zilivyofika Ukambani

Mvua inayotegemewa Ukambani ni ya vuli. Huanza kuelekea mwisho wa Oktoba, na Novemba inapofika ukingoni, mama wa Mutomo, Mwingi au Kathonzweni yuko shambani tangu alfajiri, akipalilia ndengu na kunde kabla magugu hayajamshinda. Shule zimefungwa. Watoto wako nyumbani, wengi wao bila mtu mzima wa kuwaangalia mchana kutwa. Na ni wiki hizo hizo, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, miji ya Kitui na Wote, makao makuu ya kaunti za Kitui na Makueni, huvikwa rangi ya chungwa: tisheti, mabango na hotuba za Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Kampeni huingia mjini wakati mama yuko shambani na mwanafunzi hayuko darasani.

Kalenda hiyo haikuandikwa Ukambani. Tarehe 25 Novemba 1960, dada watatu wa ukoo wa Mirabal, Patria, Minerva na María Teresa, waliuawa katika Jamhuri ya Dominika chini ya udikteta wa Trujillo. Wanaharakati wa Amerika ya Kusini na Karibi wakaifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kumbukumbu. Mwaka 1991, wanawake waliokutana katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, wakaiunganisha na tarehe 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu, zikapatikana siku 16. Rangi ya chungwa ilikuja baadaye, pamoja na kampeni ya Umoja wa Mataifa iliyozinduliwa na Katibu Mkuu Ban Ki-moon mwaka 2008. Ni historia ya kuheshimiwa. Lakini chimbuko lake ni mateso ya wanawake watu wazima, na mtoto aliingizwa humo baadaye, chini ya mwavuli wa mama yake.

Alama iliyozaliwa kwa ajili ya mtoto tangu mwanzo ni utepe wa buluu. Mwaka 1989, katika jimbo la Virginia, Marekani, bibi mmoja aitwaye Bonnie Finney alifunga kitambaa cha buluu kwenye antena ya gari lake. Mjukuu wake alikuwa ameuawa kwa kuteswa. Kila aliyemuuliza kuhusu kitambaa kile alisimuliwa kisa chote. Alichagua buluu kwa sababu ndiyo rangi ya alama za kipigo alizoziona kwenye miili ya wajukuu wake, na hakutaka kuisahau. Kutoka gari moja utepe ukaenea nchi nzima, ukakutana na mwezi wa Aprili, ambao Wamarekani walikuwa wameutenga tangu 1983 kwa ajili ya kuzuia dhuluma dhidi ya watoto. Mwaka 2008 shirika moja la huko likaongeza alama ya pili, kishada cha karatasi kinachozunguka kwa upepo, likisema kwamba watu wamechoka kuonyeshwa maumivu na wanahitaji kukumbushwa utoto wenye furaha.

Kisa cha bibi huyu kinanigusa kila ninapokisoma. Hata hivyo, kuna jambo ambalo anayeubandika utepe huo kwenye ukuta wa shule ya Makueni anapaswa kulifikiria. Kwenye ngozi nyeusi kipigo hakiachi buluu. Huacha uvimbe, weusi uliokolea kuliko ngozi ya pembeni, na mara nyingi hakiachi kitu cha kuonekana kwa macho ya haraka. Mwalimu aliyefundishwa kutafuta buluu hataiona kwa mtoto wa Kikamba, na atadhani yuko salama. Tena Aprili ni mwezi wa likizo kwa mwanafunzi wa Kenya. Ndiyo maana, nadhani, utepe huo haujawahi kuota mizizi huku kwetu. Umebaki kwenye kola za makoti ya wageni waalikwa.

Tarehe ambayo watoto wa Kitui na Makueni wanaijua kama yao ni 16 Juni. Mwaka 1976, wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakawafyatulia risasi. Picha aliyoipiga Sam Nzima siku hiyo, ya kijana aliyembeba Hector Pieterson huku dada yake akikimbia pembeni, ilizunguka dunia nzima. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1991. Juni shule zimefunguliwa. Watoto huja kwa sare zao, wakiongozwa na walimu na maafisa wa watoto; hutembea barabarani, hughani ngonjera, huimba kwa Kikamba na Kiswahili. Hakuna rangi ya kununuliwa. Sare yenyewe ni alama, kwa kuwa waliopigwa risasi Soweto walikuwa wameivaa pia.

Na kuandamana si jambo ambalo Wakamba walifundishwa na mashirika. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, watu wa Ukambani, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na gavana. Muindi Mbingu, aliyekuwa msemaji wao, alihamishiwa Lamu. Ng'ombe walirudishwa. Wajukuu wa watu hao wanapopita mjini Wote wakiimba kuhusu haki ya mtoto, wanatumia njia ambayo babu zao waliijaribu ikafaulu.

Kuna alama moja ambayo ushindi wake ulikuwa kuondolewa. Kwa miaka mingi fimbo ndiyo iliyomtambulisha mwalimu wa Kenya. Mchoraji wa katuni hakuweza kumchora bila fimbo mkononi. Mwaka 1999 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu adhabu ya viboko katika shule za Kenya, ikieleza watoto waliojeruhiwa, na wengine kufa, kwa makosa kama kuchelewa. Mwaka 2001 serikali ikafuta kanuni zilizoruhusu viboko, kwa Tangazo la Kisheria nambari 56. Waziri wa Elimu alikuwa Kalonzo Musyoka, mbunge wa Mwingi Kaskazini, mwana wa Kitui. Katiba ya 2010 ikakazia marufuku hiyo katika kifungu cha 53, kinachompa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na adhabu za kikatili. Fimbo haijatoweka kabisa madarasani, kila mzazi anajua. Lakini mtoto wa leo anayechapwa anaweza kusema kwamba aliyemchapa amevunja sheria, na babake hakuwa na neno hilo.

Alama yenye uchungu kuliko zote ilitoka Busia, magharibi mwa Kenya. Juni 2013, msichana wa miaka 16 alivamiwa na genge la wanaume alipokuwa akitoka mazishini, akabakwa, akatupwa katika shimo la choo. Polisi waliwakamata baadhi yao wakawapa adhabu ya kufyeka nyasi kituoni, kisha wakawaachilia. Gazeti lilipoichapisha habari hiyo Oktoba, likimpa msichana jina la Liz ili kumlinda, watu zaidi ya milioni moja duniani walitia sahihi ombi la kutaka haki itendeke. Tarehe 31 Oktoba waandamanaji walikwenda hadi makao makuu ya polisi jijini Nairobi. Nyasi, kitu kisicho na hatia yoyote, zikawa alama ya polisi wanaomdharau mtoto wa kike. Hakuna ofisi iliyokaa kikao kuchagua alama hiyo, na nadhani ndiyo sababu ilishika: kila mtu alijua kazi ya kufyeka ni nini na inachukua muda gani, akaipima na kilichotendeka. Aprili 2015, wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja.

Ukambani nyasi zina mwenzao, naye ni mbuzi. Mtoto ananajisiwa, wazee wa pande mbili wanakutana, mbuzi wanahesabiwa, na mambo yanatajwa kuwa yamekwisha nyumbani. Zamani fidia kwa mbuzi na ng'ombe ilikuwa njia halali ya kuzuia kisasi kati ya koo, nami siidharau. Ila ilisuluhisha koo na koo. Mtoto hakuwa mmoja wa waliokaa kwenye duara. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, iliyopelekwa bungeni na mbunge Njoki Ndung'u, iliifunga njia hiyo waziwazi. Kifungu chake cha 8 kinaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, na kifungu cha 40 kinasema kwamba uamuzi wa kusitisha kesi ya namna hiyo ni wa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Si wa baba wa mtoto, si wa chifu, si wa wazee wa ukoo. Ningependa kuona mbuzi amechorwa kwenye mabango ya kampeni za Kitui, na chini yake maneno ya kifungu hicho kwa Kikamba. Hakuna mtu wa Ikutha au Mbooni atakayehitaji kufafanuliwa picha hiyo.

Jirani zetu Tanzania walipita njia nyingine iliyowafaa. Mwaka 2008 redio zilianza kurusha matangazo ya Fataki, mwanamume mwenye pesa anayewarubuni wasichana wa shule. Katika vipindi hivyo daima kulikuwa na mtu wa kawaida, mhudumu wa hoteli au jirani, anayeistukia mbinu yake na kumnusuru msichana. Mitaani jina Fataki likawa la kumwaibisha mtu. Adui alipewa sura, na msikilizaji akapewa kazi ya kufanya.

Kazi ya kufanya. Hapo ndipo naona alama zinapogawanyika. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao: asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Uliporudiwa mwaka 2019, idadi ilikuwa imeshuka hadi asilimia 15.6 na 6.4. Safari zote mbili, wengi wa waliotenda walikuwa watu ambao mtoto anawafahamu, na ni wachache mno kati ya waathiriwa waliowahi kupata msaada wa wataalamu. Mtoto hakukosa kujua kwamba anaumia. Alikosa mahali pa kusemea.

Kwa hiyo, alama iliyofanya kazi kubwa kuliko rangi zote ni nambari ya simu ya tarakimu tatu: 116. Shirika la Childline Kenya lilianza kupokea simu mwaka 2006, kwa ushirikiano na idara ya serikali inayoshughulikia watoto. Simu ni ya bure, saa 24. Tanzania nayo ina 116, Uganda vilevile, kwa hiyo mtoto anayevuka mpaka habadilishi nambari ya kukariri. Mashariki ya Kitui, huko Endau au Ngomeni, mtandao wa simu ni wa kubahatisha na mtoto hana simu. Kwa sababu hiyo shule nyingi nchini zimeweka sanduku la maoni lenye kufuli, ambamo mwanafunzi hutumbukiza karatasi bila jina. Ufunguo akipewa mwalimu asiyestahili, sanduku ni bure. Mwaka 2010 Tume ya Huduma kwa Walimu, katika waraka wake wa tatu wa mwaka huo, ilimtaka mwalimu anayejua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa atoe taarifa ndani ya saa 24, na anayenyamaza achukuliwe hatua. Waraka huo ungebandikwa juu ya kila sanduku.

Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu 1,136,187 kwa sensa ya 2019. Makueni ina watu 987,653. Hatari haikai mahali pamoja. Ukame ukibana, msichana hutembea mbali na jerikeni mgongoni hadi kwenye mchanga wa mto Tiva au Thua, na hurudi giza limeingia. Kwenye barabara kuu ya Mombasa, kuanzia Sultan Hamud na Emali kupitia Makindu hadi Mtito Andei, malori hulala na vyumba vya kulala wageni havikauki. Nambari 116 inafaa kupakwa rangi kwenye ubavu wa jerikeni, kwenye mlango wa gesti, kwenye kioski cha maji, kwenye leso za vikundi vya akina mama, na kutajwa kwenye redio ya Musyi FM kila saa watoto wanapotoka shule.

Novemba 2022 Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la Sierra Leone na Nigeria, uliongeza siku nyingine, tarehe 18 Novemba, ya kuzuia dhuluma za kingono dhidi ya watoto na kuwaponya walioathirika. Nafurahi kwamba wazo hilo limetoka Afrika. Lakini limeangukia tena msimu wa palizi. Kaunti zetu mbili hazilazimiki kuingojea Novemba. Elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo kuta za madarasa hayo ni zao kuzipaka rangi. Januari kila mwaka wazazi huwaleta watoto wao wadogo langoni, na huendelea kuwaleta asubuhi baada ya asubuhi. Nambari hiyo ichorwe pale wanaposimama kuwaaga, kwa tarakimu kubwa kiasi cha mama kuweza kuzisoma akiwa bado juu ya bodaboda.