Kinasaba Hakiachwi Stendi

Anthony Allison hakuja kutafuta ugonjwa. Mwaka 1949, kijana huyo wa Oxford aliyekulia Kenya aliambatana na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya damu za makabila na kulinganisha makundi yaliyogunduliwa na Karl Landsteiner huko Vienna: nani A, nani B, nani O.

Kilichomshangaza kilikuwa kingine. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na kinasaba cha selimundu; nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Kulikojaa kinasaba ndiko kulikojaa mbu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: anayerithi kinasaba kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, lakini anayerithi kwa wote wawili huugua selimundu.

Kwa hesabu hiyo Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ingekuwa na wagonjwa wachache. Lakini tazama Ngarenaro: kata ya mjini, majirani wametoka Kondoa, Tanga, Mwanza. Mtu huhama na begi lake, na kinasaba hakiachwi stendi.

Mtoto wa selimundu damu ikimpungua sana huongezewa, na anayeongezewa mara kwa mara mwili wake unaweza kuanza kuikataa damu ya wengine. Ndiyo maana maabara hawana haraka. Tone la damu huwekwa kwenye kigae cheupe, likatiwa dawa ya bluu ya kupima A. Jingine hutiwa ya njano ya kupima B. Likifanya vipunjevipunje, jibu limepatikana. Kisha damu ya mchangiaji hupimwa na ya mgonjwa kama zinapatana. Takribani nusu yetu ni O, ila O hasi ni wa kutafuta kwa tochi.

Zamani hospitali zilitegemea ndugu wa mgonjwa, mfumo mgumu kwa mhamiaji asiye na ukoo mjini. Mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kituo cha Kanda ya Kaskazini kikawa Moshi. Hata hivyo, “leteni ndugu wachangie” bado inasikika wodini. Wachangiaji wakubwa wa hiari ni wanafunzi wa sekondari, na Siku ya Wachangia Damu Duniani, Juni 14, aliyozaliwa Landsteiner, mara nyingi hukuta shule zimefungwa.