Nani Atuchaguliaye Kitabu?

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vitambaa huenda ikawa kweli. Katika vitabu, historia ya pwani yetu yashuhudia vingine: chema nacho hutaka wa kukitembeza, na msomaji adhaniaye kuwa amechagua kwa hiari yake, aghalabu mwingine amekwisha kumchagulia.

Zamani mteuzi alikuwa sikio. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, hakuwa na mchapishaji. Utendi ulienea kwa kunakiliwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa vifuani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu kwa miongo, hata Mwalimu Sikujua akayakusanya na kumkabidhi W. E. Taylor, diwani ikachapwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi. Shairi lisilopendwa halikuimbwa, na lisiloimbwa lilipotea. Hukumu ilikuwa kali, lakini mahakimu walikuwa wasikilizaji wenyewe.

Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Pamoja na kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, kamati hiyo ilipitia vitabu na kuviidhinisha. Kiti cha sikio kikakaliwa na afisa. Na baada ya uhuru, wapanga mitaala wakakirithi. Tusiikane fadhila yao: lau si darasa, vijana wangapi wangemjua Shaaban Robert? Ila kitabu kisomwacho kwa ajili ya mtihani mara nyingi hufungwa siku mtihani unapokwisha, na kisichotahiniwa muuza vitabu huona hasara kukiagiza. Kimvita na Kiamu, lahaja zilizobeba tungo zetu kongwe, zikawa kwa mwanafunzi maneno ya kufasiriwa pambizoni.

Kisha yuko mteuzi wa mbali, nayo ni tuzo. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948. Riwaya yake Paradise, yenye kusimulia misafara ya biashara kutoka pwani kwenda bara, ilitoka Uingereza mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya Booker. Mwaka 2021 akatunukiwa Nobel, na mwaka 2022 Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Miaka 28 imepita baina ya kitabu na lugha ya watu wanaosimuliwa ndani yake! Maneno ya mwandishi hayakubadilika siku ile ya tuzo. Tulichobadilika ni sisi, kwa kuwa Stockholm imenyoosha kidole. Kwa mtafsiri, furaha ya habari hiyo haikosi uchungu.

Sisemi tuzikatae tuzo wala tuifunge mitaala. Nasema tusiziachie peke yake kazi iliyokuwa yetu. Aliyenakili utendi hakungoja idhini ya kamati; aliupenda, akatia kalamu katika wino. Leo kunakili kwa mkono si lazima. Yatosha kumsomea jirani beti mbili barazani, kumwazima mwana wa ndugu diwani isiyo ya mtihani, na kumwuliza muuza vitabu kile ambacho hajakiweka rafuni. Asipoulizwa, hatakiagiza, na kisipoagizwa, hakitachapwa tena.