Afande wa Istanbul

Mswahili anayeshuka Istanbul kwa masomo au biashara hushangaa mapema: mbona hapa kila mtu ni afande? Muuza simit pale Eminönü, ile mikate ya duara yenye ufuta, asipokusikia vizuri hukutegea sikio: "Efendim?" Mwenye duka akipokea simu, neno la kwanza ni hilohilo. Hapo hapana cheo. Ni "naam" au "labeka" yetu. Ile m ya mwisho ni "wangu", kwa hiyo kwa asili anakuambia "bwana wangu".

Sisi neno hilo, efendi, lilitufikia na bunduki. Mwaka 1889 kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann aliajiri huko Misri askari wa Kisudani waje kuzima vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani pwani. Jeshi la Misri lilikuwa limerithi vyeo vya Kituruki, na katika jeshi la Wajerumani ofisa Mwafrika akaitwa effendi. Kinywa cha Mswahili kikamalizia kazi: effendi akawa afande.

Uturuki kwenyewe, sheria ya 1934 ilifuta efendi, bey na paşa kama vyeo rasmi. Adabu haikufutika: mpaka leo mwanamume asiyejulikana jina ni beyefendi, mwanamke ni hanımefendi. Kariakoo jaribu kumwita muuza maandazi afande. Kama hatacheka, atageuka nyuma kutazama polisi kasimama wapi.