Enkhuizen: Kupanga nyumba katika mji wa kale wa Uholanzi

Reli inakomea Enkhuizen. Treni iliyoondoka Amsterdam takriban saa moja kabla husimama kando ya bandari, na mbele yake hakuna tena kitu ila maji ya IJsselmeer, ziwa ambalo hadi mwaka 1932 lilikuwa ghuba ya bahari. Katika karne ya 17 mji huu wa mkoa wa Noord-Holland ulikuwa miongoni mwa miji sita yenye baraza la Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, na wakazi wake walizidi 20,000. Leo hawafikii idadi hiyo. Hapa ndipo alipofariki, mwaka 1611, Jan Huygen van Linschoten, msafiri aliyetia nanga Msumbiji mwaka 1583 akielekea Goa, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1596 kiliwaelekeza Waholanzi wenzake kwenye njia za Bahari ya Hindi.

Majengo zaidi ya 300 ya Enkhuizen yamo katika rejista ya urithi wa taifa, na mji wa kale wenyewe unalindwa kama mandhari moja. Kwa mtalii hiyo ni picha nzuri. Kwa mpangaji ni jambo la fedha, kwani umri na hadhi ya nyumba huingia moja kwa moja katika hesabu ya pango, kisha huingia tena katika bili ya gesi. Anayeshindwa na bei za Amsterdam akageukia mji kama huu, au Hoorn, Zierikzee au Zutphen, hukuta sheria ni zilezile za nchi nzima. Nyumba ndizo zilizo za namna ya pekee.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ni wa mashirika ya nyumba, woningcorporaties, yanayowapangishia kwa bei nafuu watu wasio na kipato kikubwa. Mwaka 2025 kipato cha mwaka cha anayeishi peke yake hakikupaswa kuzidi euro 49,669, na cha kaya ya watu wawili au zaidi euro 54,847. Nyumba hizo hutangazwa kwenye tovuti za kimkoa na mara nyingi hugawiwa kwa kufuata muda ambao mwombaji amekuwa amejiandikisha. Foleni huhesabiwa kwa miaka. Kwa hiyo hata asiye na haja ya kuhama mwaka huu hufanya vyema kujiandikisha sasa: ada yake ni ndogo, na muda uliopotea haununuliki baadaye.

Mkimbizi aliyepewa kibali cha ukaazi hufuata utaratibu mwingine. Yeye hupangiwa manispaa, na manispaa ndiyo yenye wajibu wa kumtafutia nyumba. Akiikataa nyumba inayohesabiwa kuwa inamfaa, kwa kawaida hapewi nyingine, na hupoteza pia nafasi yake katika kituo cha mapokezi. Kutamani kuishi karibu na ndugu na jamaa katika mji mkubwa ni jambo linaloeleweka, lakini kukataa kwa matumaini ya kuletewa nyumba iliyo bora zaidi ni hatari.

Mlango wa pili ni wa wamiliki binafsi. Huku foleni haipo, ila ipo haraka. Upungufu wa nyumba nchini Uholanzi unakadiriwa kukaribia 400,000, na nyumba iliyotangazwa asubuhi huenda ikawa na waombaji kadhaa kabla ya jua kuchwa. Haraka hiyo huwafanya watu watie saini kwanza na kuuliza baadaye. Sheria inawaruhusu kuuliza baadaye, lakini kwa muda maalumu.

Bei kwa hesabu ya alama

Tangu Julai 1, 2024, ilipoanza kutumika sheria ya pango nafuu, Wet betaalbare huur, mmiliki binafsi hana tena uhuru wa kupanga bei ya nyumba ya kawaida apendavyo. Kila nyumba huhesabiwa alama. Mita moja ya mraba ya chumba cha kukaa au kulala huleta alama moja. Jiko, bafu, bustani, daraja la matumizi ya nishati na thamani ya nyumba inayokadiriwa na manispaa huongeza nyingine. Jumla isipozidi 143, pango la msingi kwa mkataba ulioanza mwaka 2025 halikuruhusiwa kupita euro 900.07 kwa mwezi. Kuanzia alama 144 hadi 186, kikomo kilipanda hatua kwa hatua hadi euro 1,184.82. Kuanzia 187, bei ni ya makubaliano. Viwango hivi hurekebishwa kila mwaka.

Pango la msingi huitwa kale huur, yaani pango tupu: bei ya nyumba peke yake, bila gesi, umeme, maji wala huduma za usafi. Aliyewahi kupanga nyumba Ujerumani atalikumbuka neno Kaltmiete, pango baridi. Gharama nyingine zote ni lazima ziandikwe kando, kila moja na kiasi chake. Mkataba unaotaja jumla moja tu ni dalili ya kwanza kwamba kuna jambo la kuulizwa.

Hapa ndipo mji wa kale unapoachana na mtaa wa maghorofa. Nyumba iliyo rijksmonument, jengo la urithi wa taifa, humpa mmiliki haki ya kuongeza hadi asilimia 35 juu ya bei inayotokana na alama, kwa mikataba iliyoanza tangu Julai 2024. Jengo linalolindwa na manispaa au mkoa huongezewa asilimia 15, na nyumba ya zamani iliyomo tu ndani ya mandhari inayolindwa, asilimia 5. Kwa hiyo nyumba ambayo alama zake zinaipa kikomo cha euro 800 yaweza kupangishwa kwa euro 1,080 ikiwa ni urithi wa taifa. Isitoshe, nyumba ya kawaida yenye daraja baya la nishati, E, F au G, hupunguziwa alama. Jengo la urithi halipunguziwi. Nia ilikuwa kuwasaidia wamiliki, ambao hubeba gharama kubwa za kuyatunza majengo hayo, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, joto linapopotelea kwenye kioo chembamba, anayelilipia ni mpangaji.

Ndiyo maana swali moja lina thamani ya euro mia kadhaa kila mwezi: je, nyumba imo katika rejista kweli? Nyumba ya mwaka 1650 yaweza isiwemo, na ya mwaka 1900 ikawemo. Neno "ya kihistoria" katika tangazo halina nguvu yoyote ya kisheria. Rejista ya taifa, Monumentenregister, iko wazi mtandaoni na mtu huitafuta kwa anwani bila malipo. Kuhusu orodha ya manispaa, ofisi ya manispaa hujibu. Tangu Januari 1, 2025 mmiliki analazimika pia kumpa mpangaji mpya hesabu ya alama pamoja na mkataba. Asipoitoa, iombwe kwa maandishi.

Miezi sita

Mpangaji anayeamini kwamba bei ya mkataba wake imepita kikomo anaweza kuipeleka mbele ya Huurcommissie, tume ya pango, ndani ya miezi sita tangu siku mkataba ulipoanza. Ada yake ni euro 25, na akishinda hurudishiwa. Tume hukagua nyumba, huhesabu alama, na ikiona bei imezidi huishusha kuanzia siku ya kwanza ya mkataba. Ikipita miezi hiyo sita, kuipinga bei ya mwanzo huwa vigumu zaidi.

Wengi huiacha ipite. Kutojua ni sababu moja, lakini si ya pekee. Katika mji wa watu wasiofika 20,000, mwenye nyumba ni mtu wa kukutana naye dukani na shuleni kwa watoto, na mgeni aliyepokewa vizuri huona haya kumpeleka mbele ya tume. Haya hiyo inaeleweka. Woga wa kufukuzwa ndio usio na msingi. Tangu Julai 1, 2024 mkataba mpya wa nyumba, kwa kanuni, hauna mwisho. Mikataba ya muda imebaki kwa hali chache zilizotajwa na sheria, kwa mfano mwanafunzi aliyetoka manispaa nyingine au mmiliki anayefanya kazi nje na kurejea baadaye nyumbani kwake. Mkataba wa mwaka mmoja "wa majaribio" haumo katika orodha hiyo. Mmiliki anayetaka nyumba yake lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria, na mpangaji asipokubali kuondoka, ni hakimu anayeamua. Nyumba ikiuzwa, mpangaji huuzwa nayo, kwa namna ya kusema: mnunuzi hurithi mkataba kama ulivyo. Waholanzi wana msemo wa kisheria kwa hilo, koop breekt geen huur, kununua hakuvunji upangaji. Mpangaji mwenyewe, anayelipa kwa mwezi, huondoka kwa notisi ya mwezi mmoja.

Kabla ya kutoa fedha

Dhamana haipaswi kuzidi pango la msingi la miezi miwili. Nchini Ujerumani kikomo ni miezi mitatu. Mpangaji akiondoka bila deni wala uharibifu, hurudishiwa ndani ya siku 14. Kukiwa na makato, ndani ya siku 30 na orodha yake kwa maandishi. Picha za kila chumba siku ya kukabidhiwa ufunguo humaliza ubishi mwingi.

Dalali anayemfanyia kazi mmiliki haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya udalali, hata akiibatiza jina la gharama za mkataba au za ofisi. Mahakama ya Juu ya Uholanzi ililifafanua hilo mwaka 2015, na bado bili za aina hiyo hutumwa. Aliyekwisha kulipa anaweza kudai fedha zake.

Matapeli nao hupenda miji yenye picha nzuri. Nyumba isiyoonwa kwa macho hailipiwi. Jina la mmiliki hupatikana kwa euro chache katika Kadaster, ofisi ya taifa ya kumbukumbu za ardhi, nalo lilinganishwe na jina lililo kwenye mkataba.

Jambo jingine la kuuliza mapema ni kujiandikisha. Anayehamia Uholanzi kwa zaidi ya miezi minne anapaswa kujiandikisha katika manispaa ndani ya siku tano, na mkataba wa nyumba ndio ushahidi wa anwani. Mmiliki anayesema nyumba ni yako ila usijiandikishe ana jambo analolificha, na madhara yake humwangukia mpangaji: bila anwani hapati huurtoeslag, ruzuku ya serikali ya kusaidia pango. Ruzuku hiyo huhitaji pia nyumba inayojitegemea, yenye mlango, jiko na choo chake. Chumba katika nyumba ya pamoja kwa kawaida hakitoshi.

Sakafu, ngazi na barua ya maji

Neno kaal hurudi tena siku ya kuhamia. Nyumba inayopangishwa kaal ni tupu hasa: haina mapazia, haina taa, na mara nyingi haina hata sakafu ya kukanyagia, bali zege au mbao chakavu. Aliyetoka huenda akajitolea kumwuzia anayeingia sakafu na mapazia yake. Bei hiyo ni ya kujadiliana. Gestoffeerd ina sakafu na mapazia, gemeubileerd ina samani pia. Familia iliyopiga hesabu ya pango na dhamana tu hujikuta ikilala juu ya zege mwezi wa Novemba.

Ngazi za nyumba za karne ya 17 ni nyembamba na zimesimama karibu kama za kupandia dari. Kabati halipiti hapo, na ndiyo kazi ya boriti yenye ndoana inayochomoza chini ya kilele cha paa: mizigo ilivutwa kwa kamba hadi dirishani, na mpaka leo fenicha huingia kwa dirisha. Mwenye mzee au mtoto mchanga azijaribu ngazi hizo kabla ya kuipenda nyumba.

Dirisha la kioo kimoja katika jengo la urithi halibadilishwi bila kibali, na mpangaji asithubutu kulibadilisha mwenyewe. Suluhisho la kawaida ni kioo cha pili kinachofungwa kwa ndani, nalo huombwa kwa mmiliki. Unyevu ukutani, paa linalovuja na mtambo wa joto uliokufa ni mzigo wa mmiliki. Kubadilisha balbu, kuzibua sinki na kupaka rangi ndani ni wa mpangaji. Ubovu mkubwa uripotiwe kwa maandishi. Wiki sita zikipita bila matengenezo, tume ileile ya pango inaweza kulishusha pango kwa muda, na kwa ubovu mkubwa kuliko wote hulishusha hadi asilimia 20 ya pango la awali.

Barua inayowashangaza wageni wengi hutoka Hollands Noorderkwartier, mamlaka ya maji inayotunza matuta na mifereji ya eneo hilo. Si utapeli. Kila kaya, hata ya mpangaji, huchangia usalama dhidi ya maji na usafishaji wa majitaka. Kodi ya jengo lenyewe, OZB, ni ya mmiliki. Mwenye kipato cha chini anaweza kuomba asamehewe mchango wa maji. Ombi hilo huitwa kwijtschelding, na hupelekwa kwa mamlaka hiyohiyo iliyotuma barua.