Walipokwenda Kuwauliza Wazee

Katika mwaka 1963 mwanachuoni mashuhuri wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alifundisha kwamba Afrika haikuwa na historia ila habari za Wazungu waliofika huku. Yaliyotangulia aliyaona kuwa giza tupu. Watu wa Kilwa na Pate, ambao habari za wafalme wao zilikwisha andikwa zamani, wangalimshangaa. Lakini bara ya Kenya kweli haikuwa na vitabu, na hoja ya kuwa pasipo maandishi hapana historia iliwatisha wengi.

Mkenya mmoja haikumtisha. Bethwell Ogot, aliyezaliwa Gem mwaka 1929 na kusoma Maseno, Makerere na St Andrews, alikuwa miaka hiyo akifanya utafiti wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London. Alitaka kuandika habari za Wajaluo tangu walipohama mpaka walipokaa Padhola na Nyanza. Makaratasi ya serikali hayakumfaa sana, maana yalianza na ukoloni. Habari za karne zilizotangulia zilikuwa vifuani mwa wazee, naye akawaendea.

Msomaji asidhani kazi hii ni kukaa chini ya mti na kuandika kila lisemwalo. Mzee humtaja baba yake, na babu yake, na baba wa babu, mpaka kumfikia yule aliyehamia. Mtafiti huhesabu: kizazi kimoja kikikadiriwa kuwa miaka 27, vizazi 12 ni miaka 324. Hapo ndipo penye mitego. Ukoo husahau mababu wasio na sifa, na pengine huzidisha jina ili kudai shamba. Kwa hiyo simulizi la ukoo mmoja hupimwa kwa la jirani. Na ushahidi wa aliyeshindwa vitani, akikiri kushindwa kwake, una uzito kuliko majigambo ya mshindi.

Kitabu cha Ogot kilichapishwa Nairobi mwaka 1967. Mwaka huo huo Gideon Were alitoa chake juu ya Waluhya. Njia ilikuwa imefunguka. William Ochieng', mwenyeji wa Yimbo, aliwaendea Wagusii, na kitabu chake kikatoka mwaka 1974. Mimi napenda zaidi mfano huu wa mwisho, kwani ni vigumu kumwuliza babu wa mwenzako kuliko babu yako.

Chuo cha Nairobi, kilichofungua milango mwaka 1956 kuwa chuo cha ufundi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alipata hapo shahada ya udaktari katika elimu ya maumbile ya wanyama, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo. Baadaye alichunguza ndigana, maradhi ya ng'ombe yaletwayo na kupe. Akizunguka mashamba ya karibu na Nairobi kukusanya kupe hao, aliona mito imejaa udongo, nyasi haba, na ng'ombe wamekonda. Kupe hakuwa adui pekee wa mfugaji. Ardhi yenyewe ilikuwa ikichukuliwa na mvua kwa kukosa miti. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake, naye akajulikana zaidi kwa kazi hiyo kuliko kwa shahada yake.

Ogot aliishi mpaka mwaka 2025. Wazee aliowauliza walikuwa wamekwisha kufa zamani. Maneno yao yamo kitabuni.