Lebo moja tu, kundi zima gizani

Wadau, jana usiku tovuti ya kundi letu ilizimika, na aliyegusa mipangilio ni mimi. Nilibadili lebo moja kwenye sevisi ya Kubernetes, basi, kimya! Wenzangu wakaninunia, nami nikaishia kusoma historia.

Kabla ya Kubernetes, Google walikuwa na mfumo wao wa ndani, Borg. Humo kazi zote za kompyuta moja zilitumia anwani moja ya IP, zikagawana namba za poti kama sisi na bafu la hosteli. Programu haikuchagua poti, ilipangiwa. Kero tupu. Kubernetes ilipotangazwa Juni 2014 (jina ni la Kigiriki, mshika usukani wa meli) ikaipa kila podi, yaani kifurushi cha kontena, IP yake yenyewe. Safi, ila podi hufa, na inayozaliwa badala yake huja na anwani nyingine. Nani atazifukuzia? Ndiyo maana ya sevisi: anwani inayokaa palepale na kutafuta podi kwa lebo zao. Unarekebisha ya nyuma, wateja hawajui kitu.

Sasa mimi niliandika lebo ambayo haina podi hata moja. Anwani ipo, nyuma patupu. Na mfumo ulikubali bila hata kunong'ona, jamani! Hapo nawalaumu kidogo.

Niliirudisha saa nane usiku, ikawaka. Tunawasilisha saa nne asubuhi, na bado wawili hawanisemeshi.