Kipimo cha Pili kwa Ukubwa: Taarifa za Modeli za Mtawanyiko wa Hewa Chafu nchini Marekani

Kiwango cha salfa dioksidi kilichowekwa mwaka 1971 kilikuwa mikrogramu 365 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24, nacho hakikuruhusiwa kuvukwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoipa taarifa sura yake: kwa kila nukta iliyokokotolewa kilitazamwa kipimo cha pili kwa ukubwa, si kilele, kisha kilicho kikubwa kuliko vyote kikawasilishwa kwa mamlaka.

Marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi ya 1977 yalidai modeli zilingane, na mwongozo ukatoka 1978. Mwongozo huo, katika matoleo ya baadaye, ulikiri kwamba makosa ya asilimia 10 hadi 40 katika makadirio ya juu kabisa ni ya kawaida. Hata hivyo uamuzi uliegemezwa kwenye kadirio moja. Taarifa ya 360 ingepita, ya 370 ingekwama. Sioni hapa uzembe wa wahandisi, kwani kosa walilijua; mamlaka ndiyo iliyohitaji namba moja ya kutetea. Nayo siku ya kilele, ambayo wakazi wa upande uendako upepo wangeivuta kama nyingine, haikuhesabiwa kuwa ukiukaji.